Kabla Hujamwita Mtoto Mzito

Jino la utoto likitoka, mtoto wa kwetu hulirusha juu ya paa na kuomba aletewe jingine lililo jipya. Katika miaka ya 1970, watoto wa miji ya Chelsea na Somerville, jirani na Boston huko Marekani, waliombwa wafanye jambo jingine: wayapeleke meno yao shuleni, wamkabidhi mwalimu. Aliyeyahitaji alikuwa Herbert Needleman, daktari wa watoto na wa maradhi ya akili. Alikuwa akitafuta risasi ndani yake.

Hapa nasema risasi ile ya asili, madini mazito ya rangi ya kijivu ambayo wavuvi wetu huyayeyusha na kuyafanya chubwi za kuzamisha nyavu na mishipi. Mwili wa mtoto hauyajui. Huyadhania kuwa ni kalsiamu, ukayapokea na kuyahifadhi mahali pa kalsiamu, yaani kwenye mifupa na meno. Kipimo cha damu huonyesha zaidi yaliyoingia mwilini katika wiki chache zilizopita. Jino huonyesha ya miaka.

Needleman hakuishia kwenye meno. Walimu wa watoto wale walipewa karatasi ya maswali ya kujibu ndiyo au hapana. Je, mtoto huyu anapotezwa mawazo na kila kitu? Anaota ndoto za mchana darasani? Anashindwa kufuata maagizo mepesi? Anakata tamaa upesi? Walimu wakajibu bila kujua lolote kuhusu yaliyomo katika meno. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1979, yalikuwa kama ngazi: kila risasi ilivyozidi katika jino, ndivyo walimu walivyozidi kumwandikia mtoto majibu mabaya. Baadhi ya watoto wale walifuatiliwa mpaka ujanani, na mwaka 1990 ikaripotiwa kwamba waliokuwa na risasi nyingi walikuwa na uwezekano wa takriban mara saba zaidi wa kuacha sekondari bila kumaliza. Shuleni, kwa kuwatazama, hawakuwa na dalili za sumu. Walikuwa watoto wa kawaida, waliokwenda shule kila siku, na ambao walimu waliwaona kuwa wagumu.

Nikiyasoma maswali yale nazikumbuka ripoti zetu za mwisho wa muhula. “Mzito wa kuelewa.” “Hatulii.” “Aongeze bidii.” Darasani kwetu alikuwapo mvulana aliyekaa dawati la nyuma kabisa, ambaye kila Jumatatu aliitwa mbele kwa sababu hakukumbuka kilichofundishwa Ijumaa. Baba yake alikuwa fundi wa betri, na yeye alimsaidia kila jioni kuzipasua betri zilizokufa ili kutoa vibamba vya ndani. Alikuja shule na vidole vyeusi. Alichapwa kwa ule uchafu wa vidole, kisha akachapwa kwa kusahau, na hakuna mtu mzima yeyote, mwalimu wala mzazi, aliyeyaunganisha mambo hayo mawili. Damu yake haikupimwa. Ilipimwa hesabu yake, imla yake na mahudhurio yake.

Hilo ndilo linalonifanya niandike makala haya. Mtoto wa Afrika Mashariki hupimwa na shule tangu siku anapoandikishwa: jaribio la wiki, la mwezi, mtihani wa muhula, mtihani wa taifa. Akishindwa, tunalo jina la kumpa, na aghalabu tunalo na la mzazi wake. Lakini hewa anayoivuta akiandika mtihani huo, vumbi lililo juu ya dawati, maji ya bombani na ukuta anaouegemea, hivyo ni nadra sana kupimwa. Wakati huohuo sheria inamlazimisha awepo pale. Tanzania imeifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima tangu Sheria ya Elimu ya 1978, na Kenya ina Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Mzazi asiyempeleka mtoto shule anaweza kushtakiwa. Mtu mzima akichoshwa na moshi kazini anaweza angalau kutoka nje. Mtoto wa darasa la pili akitoka nje bila ruhusa ni mtovu wa nidhamu.

Mombasa inajua habari hii kuliko miji mingi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, huko Mikindani, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, waliishi watu wapatao 3,000 katika nyumba za udongo na mabati. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi ukutani mwao, na neno ukutani silitumii kwa mfano, kwa kuwa ua wa kiwanda na nyumba za watu vilipakana. Betri zilipasuliwa, asidi ikamwagwa, risasi ikayeyushwa na kusafirishwa nje ya nchi. Moshi ulishuka mtaani, na maji machafu yalipita kwenye mitaro ambamo watoto walichezea.

Mwaka 2009 kampuni yenye kiwanda hicho ilimwajiri Phyllis Omido, mama kijana, awe kiungo kati ya kiwanda na wanamtaa. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kushughulikia tathmini ya athari kwa mazingira. Wataalamu aliofanya nao kazi walionyesha kwamba mahali pale hapakufaa, naye akashauri kiwanda kihamishwe. Ushauri haukupokelewa. Muda si mrefu mwanawe mchanga, aliyekuwa bado ananyonya, akaugua homa isiyokatika. Akapimwa malaria, akapimwa homa ya matumbo, na majibu hayakueleza kitu. Mwishowe ikapimwa risasi, nayo ikaonekana. Mtoto alikuwa akiipata kupitia maziwa ya mama yake.

Omido aliacha kazi. Watoto wengine wa mtaa walipopimwa nao walikutwa na risasi mwilini, na kilichofuata ni miaka ya barua, maandamano na vitisho. Mwaka 2012 alikamatwa pamoja na wenzake, wakashtakiwa kwa mkusanyiko usio halali na uchochezi, kisha wakaachiwa huru na mahakama. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2016 wanamtaa wakafungua kesi. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na miongoni mwa waliotakiwa kulipa ilikuwamo mamlaka yenyewe ya kulinda mazingira ya nchi, NEMA. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua ile fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Tuliouzoea uandishi wa mahakamani tuliiandika kesi hii kama habari ya fidia na haki ya wanyonge, na ndivyo ilivyo. Lakini ni habari ya elimu pia. Tazama risasi inavyofanya kazi. Tumbo la mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya tumbo la mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza. Ikiwa mtoto ana upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu, hufyonza zaidi. Akiwa hajala, zaidi tena. Ikifika kwenye ubongo unaokua, huvuruga mawasiliano ya chembe za neva wakati uleule zinapojipanga kwa ajili ya kukumbuka, kusikiliza na kujizuia. Kwa kiwango kikubwa mno mtoto hupata degedege, huzimia, hufa. Kwa kiwango kidogo haumwi kitu. Hachelewi kuamka, hapungui uzito kwa namna ya kumtia mama wasiwasi, na hana kidonda cha kuonyesha. Anakuwa tu mtoto anayesahau, anayegombana, asiyeweza kukaa na jambo moja mpaka liishe. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mwenye mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita moja ya damu lazima atafutiwe chanzo ili kiondolewe. Zipo dawa za kuitoa risasi mwilini mwa aliyezidiwa sana, na zimeokoa maisha. Dawa ya kurudisha alichopoteza ubongo haipo.

Mwaka 2020 UNICEF na shirika la Pure Earth walikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, hadi watoto milioni 800, ana kiasi hicho au zaidi. Wengi wao wako katika nchi kama zetu. Nikiwaza darasa la watoto 60, ambalo kwetu si kubwa, hesabu hiyo hunifanya nishindwe kuandika neno “mzito” bila mkono kusita.

Ikumbukwe kwamba risasi haihitaji kiwanda chenye bomba refu la moshi. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi, moto ambao jiko la mkaa la kawaida linaufikia. Thiaroye-sur-Mer, kijiji cha wavuvi pembeni mwa Dakar, Senegal, kilikuwa na mafundi wa betri kwa miaka mingi, na mchanga wake ulijaa mabaki. Bei ya risasi ilipopanda, kina mama wakauchekecha ule mchanga ili wauze kilichomo, wakaubeba mpaka majumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki. Ukiijua pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, unajua kwamba chubwi hazianguki kutoka mbinguni. Kila bajaji, kila bodaboda na kila nyumba yenye umeme wa jua ina betri itakayokufa siku moja na kupelekwa kwa fundi, na fundi hutafuta eneo la bei nafuu lenye watu wengi. Shule nayo hujengwa penye watu wengi.

Tuingie sasa ndani ya shule yenyewe, maana hata palipo mbali na kiwanda upo ukuta. Shule zetu nyingi hupakwa rangi kwa mtindo mmoja: juu rangi ya maji, na chini, mpaka kimo cha mabega ya mtoto, rangi ya mafuta ili iweze kufutwa kwa kitambaa. Ni busara ya mwenye nyumba. Bahati mbaya ni kwamba rangi za mafuta ndizo ambazo kwa miongo mingi zimetiwa risasi ili zikauke upesi, zing'ae na zisipauke, hasa za njano, za machungwa, nyekundu na za kijani. Yaani rangi zilezile tunazozichagua kwa bembea, kwa mlango wa darasa la awali na kwa picha za wanyama ukutani. Shirika la Afya Duniani na lile la Mazingira la Umoja wa Mataifa yanashauri rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni, na Kenya imekiingiza kikomo hicho katika viwango vyake. Lakini kiwango kipya hakikwangui ukuta wa zamani. Rangi iliyopakwa miaka 20 iliyopita bado ipo, inabanduka magamba madogo chini ya madirisha, na mtoto wa miaka mitano huyaokota magamba hayo kwa sababu yana rangi nzuri na, kwa wengine, ladha tamu.

Hatari kubwa zaidi huja siku ya ukarabati. Mfadhili ametoa ndoo kumi za rangi, kamati ya shule imefurahi, fundi amekuja na msasa. Anausugua ukuta mkavu, vumbi linaenea darasa zima, na kesho yake wanafunzi wanaitwa kufagia. Kazi ileile ikifanywa wakati wa likizo, ukuta ukalowanishwa kabla ya kusuguliwa, sakafu ikatandikwa turubai na mwisho ikapigwa deki, vumbi hilo halipandi hewani na halibaki kwenye madawati. Gharama inayoongezeka ni ya maji na siku moja ya ziada.

Kufagia kwenyewe kuna somo ambalo bibi zetu walilijua. Asubuhi kabla ya kushika ufagio wa chelewa walichota maji kwa kopo, wakayanyunyiza uani kwa vidole, ndipo wakafagia. Shuleni tuliacha. Zamu ya usafi ilikuwa ni watoto 15 katika wingu la vumbi, wakishindana kumaliza kabla kengele ya mstarini haijalia. Leo wataalamu wa sumu za mazingira wanaposhauri jinsi ya kuondoa vumbi lenye risasi, hushauri kitu kilekile: lowanisha, futa kwa kitambaa kibichi, usitimue. Mwalimu wa zamu hahitaji waraka wa wizara kulifanya hili. Anahitaji kopo na maji, na kwa shule isiyo na maji karibu, nakubali, hata hilo si dogo.

Watu huniuliza kuhusu kalamu ya risasi. Lugha yetu inatutisha bure hapa. Kile kijiti cheusi cha ndani ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, wala hakina risasi. Cha kuulizia ni rangi iliyopakwa juu ya mti wa kalamu, hasa ya zile za bei ya chini kabisa zisizo na jina la mtengenezaji, kwa sababu watoto huitafuna wakifikiri. Nimeshuhudia mwalimu akimkemea mtoto kwa kuchora mkononi kwa kalamu hiyo, na asimkemee aliyekuwa akiimenya rangi kwa meno.

Uji wa saa nne nao ni kinga. Tumezoea kuutetea kwa hoja ya mahudhurio: penye uji watoto huja. Hoja ya pili ni kwamba tumbo lenye chakula hufyonza risasi kidogo kuliko tumbo tupu, na mtoto mwenye chuma na kalsiamu ya kutosha hujikinga kiasi. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao wana vyote viwili. Shule iliyo jirani na gereji au barabara kubwa, ambayo kwa sasa haina uwezo wa kuhama, inaweza kuwapa watoto uji na dagaa na sabuni ya kunawia kabla ya kula. Si tiba. Ni kupunguza mzigo wakati chanzo kinashughulikiwa.

Moshi wa jikoni sitaueleza kwa urefu, ingawa huenda ndiyo hatari tunayoiona wazi kuliko zote na kuizoea kuliko zote. Jiko la shule niliyosoma lilikuwa banda la mabati nyuma ya darasa la pili. Kusi likivuma, moshi wote uliingia madirishani, na kuni zilipokuwa mbichi tulisoma huku tukifuta machozi. Mwenzetu mmoja mwenye pumu aliambiwa anajidekeza. Mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wa mwili, na njia zake za hewa ni nyembamba, hivyo moshi uleule humwingia zaidi na humbana zaidi. Na wapishi, kina mama ambao hukaa humo tangu alfajiri, hakuna anayewahesabu. Serikali ya Tanzania iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na mwaka huohuo ikazindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia kufikia 2034. Naliunga mkono agizo hilo kwa moyo wote. Ila mwalimu mkuu wa shule ya kata, anayepokea mchango wa mahindi na maharage kutoka kwa wazazi na asiyekuwa na fungu la kununulia gesi, hawezi kulitekeleza kwa utiifu peke yake. Akisubiri, ahamishe jiko upande ambako upepo unaupeleka moshi mbali na madarasa, aweke bomba la moshi, na kuni zikaushwe.

Nirudi kwenye meno, kwa sababu Tanzania nayo ina daftari lake la meno, tena linalosomeka kwa macho. Mtu mwenye meno ya kahawia akicheka mjini Dar es Salaam, wenzake humuuliza kama kwao ni Arusha. Ni floridi. Miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro huitoa ndani ya chemchemi na visima, na maeneo kama Maji ya Chai yanajulikana kwa maji yenye floridi nyingi mara kadhaa kuliko miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kuwa kikomo. Jino huharibika wakati linapoumbwa ndani ya ufizi, kwa hiyo meno ya mbele ya ukubwani ya mtoto wa darasa la tatu yanaonyesha maji aliyokunywa akiwa na mwaka mmoja, miwili, mitatu. Floridi ikizidi sana mifupa nayo hupinda, na watoto wenye miguu ya matege si wageni katika vijiji hivyo. Kuchemsha maji hakusaidii. Kunazidisha, kwa sababu maji hupungua na floridi hubaki. Magadi ya kulainishia maharage, ambayo hayakosekani katika majiko ya kaskazini, likiwamo la shule, nayo huongeza kiasi chake.

Kwa nini naitaja floridi katika makala yenye risasi? Kwa sababu inaonyesha tunavyotenda jambo linapoonekana. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, jirani na Maji ya Chai, kwa miaka mingi kimefanya kazi ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mbinu ambayo inaweza kuwekwa kwenye pipa la shule. Wazazi wanajua, walimu wanajua, wanasiasa wanaahidi. Jino la kahawia limejisemea lenyewe. Risasi haipaki jino rangi, na mtoto aliyeathirika hawezi kujisemea, kwa kuwa kile kilichopungua ndicho angekitumia kueleza kwamba kimepungua.

Basi inabidi sisi tupime. Tanzania inayo Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ina Shirika la Viwango, ina chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, na kila halmashauri ina bwana afya na bibi afya wenye mamlaka ya kuingia shuleni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila aishiye Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na Katiba ya Kenya ya 2010 inasema hivyohivyo katika kifungu cha 42. Kinachokosekana ni desturi. Mthibiti ubora alipokuja shuleni kwetu, siku hizo akiitwa mkaguzi, alihesabu madawati, matundu ya choo na maandalio ya masomo. Ningependa aje pia na chupa mbili za sampuli, moja ya maji na moja ya vumbi la dirishani, aulize shule inapakana na nani, na aulize ukuta ulipakwa lini na kwa rangi gani. Shule mpya isipewe hati ya kuandikishwa mpaka udongo wake na majirani zake vichunguzwe, maana kiwanja cha bure kilicho kando ya dampo, au kilichowahi kuwa gereji, kina sababu ya kuwa cha bure.

Na mtoto anapoonyesha ule uzito tunaousema, aulizwe maswali kabla ya kupewa jina. Anatoka mtaa gani? Nyumbani wanafanya kazi gani? Anakula udongo? Amekula leo? Tanzania bado inaruhusu kiboko shuleni kwa kanuni, ingawa Kenya ilikipiga marufuku mwaka 2001. Ukimchapa mtoto kwa kusahau kulikosababishwa na sumu, unamwadhibu kwa kosa la mtu mzima aliyempa sumu hiyo, na kwa ukimya wa watu wazima wengine wote waliopita njia ileile wakanusa moshi.

Kiwanda cha Owino Uhuru kilianza kazi 2007 na kufungwa 2014. Mtoto wa mtaa ule aliyeingia darasa la kwanza mwaka kilipowashwa, akapanda darasa kila mwaka bila kurudia, alifika darasa la nane mwaka kilipozimwa. Meno yake ya utoto yalikuwa yamekwisha kung'oka yote. Novemba hiyo alikaa kwenye mtihani wa taifa pamoja na watoto wa Kenya nzima, wa Kisumu, wa Nyeri na wa Nyali ng'ambo ya pili ya mji, karatasi moja, saa moja, masharti mamoja. Alama zake ziliandikwa kwenye cheti kwa jina lake peke yake. Cheti hicho anacho mpaka leo, na kila anapokwenda kutafuta kazi ndicho anachokitoa mfukoni.